"Maelfu" yaliyosemwa hewani: Mayotte la 1ère na hesabu ya waliouawa na kimbunga Chido

Jumapili, 15 Desemba 2024. Kimbunga Chido kimeshaipiga Mayotte jana yake na kuvuka kwenda Msumbiji. Mwakilishi wa serikali ya Ufaransa kisiwani, prefekti François-Xavier Bieuville, anahojiwa na kituo cha umma cha hapo hapo, Mayotte la 1ère. Vifo vilivyothibitishwa saa hizo havijafika ishirini. Anaulizwa juu ya waliokufa, naye anajibu kwamba anadhani hakika watakuwa mamia kadhaa, pengine watakaribia elfu moja, au hata maelfu machache.

Siku ile ile maneno hayo yakazunguka dunia nzima. Siku tisa baadaye, mkesha wa Krismasi, hesabu rasmi ilikuwa watu 39. Mwishowe ikatua kwenye 40, na wengine 41 wakaandikwa kuwa hawajulikani walipo.

Elfu, kisha arobaini. Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kiti cha mtangazaji, na kwa sababu wanaosikiliza kituo kile wengi wao ni watu ambao lugha yao na yetu zilinyonya ziwa moja. Maelezo ya haraka ni kwamba kiongozi aliropoka na vyombo vya habari vikadaka. Mimi sioni hivyo. Ninachokiona ni kituo ambacho mdomo wake ulifika hadi kwenye kibanda cha mwisho mlimani, ila sikio lake halikufika huko.

Tuanze na mahali penyewe. Mayotte ni Grande-Terre, Petite-Terre na visiwa vidogo pembeni, kilomita za mraba 374 tu, katikati ya Msumbiji na Madagaska. Ngazija, Nzwani na Mwali, visiwa vya nchi ya Komoro, ni ndugu zake wa tumbo moja. Kura ya Desemba 1974 ndiyo iliyowatenganisha: visiwa vitatu vilichagua uhuru, Mayotte ikachagua kubaki na Ufaransa. Tangu 31 Machi 2011 ni mkoa wa Ufaransa kama mikoa ya bara, wenye kutumia yuro, kilomita elfu nane hivi kutoka Paris. Sensa ya 2017 ilihesabu watu 256,518, karibu nusu yao wakiwa raia wa kigeni, wengi kutoka visiwa jirani, na nyumba nne katika kila kumi zilikuwa za mabati. Vibanda hivyo huitwa banga. Zamani banga kilikuwa chumba cha kijana wa kiume aliyebalehe, alichojijengea mwenyewe pembeni ya nyumba ya wazazi na kukipamba kwa maandishi ya rangi. Leo neno hilo hilo linataja mitaa mizima ya mabati iliyoning'inia kwenye miteremko juu ya Mamoudzou, mji mkuu wa kisiwa.

Mtu wa Kilwa au Lamu akishuka pale hatakuwa mgeni kabisa. Lugha yao ni Kimaore: moto wao ni moro, mvua yao ni vua, asante yao ni marahaba. Ukikaa siku tatu masikio yanaanza kuzoea. Wapo pia wanaosema Kibushi, ambacho ni Kimalagasi. Kifaransa ni lugha ya shule, ofisi, polisi na barua. Watoto wanakijua kuliko wazazi, na bibi zao wengi hawakijui kabisa au wanakijua kwa kukisikia tu.

Kituo sasa. Ufaransa bara, redio ya umma na televisheni ya umma ni kampuni mbili mbali mbali. Ng'ambo ya bahari sivyo. Huko kuna vituo tisa, kutoka Saint-Pierre-et-Miquelon kule kwenye baridi hadi Wallis-et-Futuna katika Pasifiki, na kila kimoja kina redio na televisheni yake chini ya paa moja, vyote vikiwa mali ya France Télévisions. Mayotte la 1ère ni kimojawapo. Lugha kuu ya kazi ni Kifaransa, ingawa Kimaore kina vipindi na taarifa zake za habari. Mpangilio huu una jambo lisiloonekana upesi: mahojiano ya kituo kidogo cha kisiwani yamo ndani ya mfumo mmoja na chumba kikubwa cha habari cha Paris. Mtu anaongea kana kwamba anazungumza na majirani, kumbe sauti inatokea Paris, na kutoka Paris inakwenda kila mahali.

Rangi za tahadhari nazo nizitaje, maana hapo ndipo matatizo ya lugha yalipoanzia, kabla hata upepo haujavuma. Ijumaa 13 Desemba saa nne usiku Mayotte iliwekwa kwenye tahadhari nyekundu. Jumamosi saa moja asubuhi ikapandishwa hadi zambarau, ambayo maana yake ni kwamba hakuna kutoka nje kwa mtu yeyote, hata waokoaji. Sisi wa Tanzania tumezoeshwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa njano, chungwa na nyekundu, pamoja na maneno yake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Maneno yale yana kazi. Bibi asiyejua ngazi za rangi anaelewa "tahadhari kubwa". Ukimwambia "zambarau" peke yake, atafikiria tunda. Kwa mtu aliyezaliwa baada ya kimbunga Kamisy cha 1984, rangi hiyo haikuwa na kumbukumbu yoyote nyuma yake. Kwa kawaida Madagaska huikinga Mayotte kama ukuta, vimbunga vikifika vimeshachoka. Chido hakikupitia Madagaska kwa namna hiyo, kilipita pembeni ya ncha yake ya kaskazini na kufika kikiwa kizima. Uwanja wa ndege wa Pamandzi ulipima upepo wa kasi ya kilomita 226 kwa saa. Wataalamu walisema kisiwa hakikuona kitu cha namna hiyo kwa miaka tisini.

Baada ya hapo umeme ulikatika karibu kote, minara ya simu ikaanguka au ikakosa moto, maji yakakauka mabombani, hospitali kuu ya Mamoudzou ikaezuliwa sehemu, na mnara wa kuongozea ndege ukaharibika hata ndege za jeshi ndizo zikawa daraja kutoka Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa. Katika hali kama hiyo redio ya betri inapanda cheo. Msomaji aliyekulia kijijini anajua: betri zikifa unazianika juani juu ya bati, wengine huzing'ata kidogo pembeni, unazirudisha, unapata dakika ishirini za sauti inayokwaruza. Kwa dakika ishirini hizo unasikiliza kila neno. Huzungushi kitufe kutafuta muziki. Linalosemwa ndilo lililopo.

Kwa hiyo hebu tulitazame neno lenyewe kwa karibu. Kifaransa cha prefekti kilikuwa na ngazi tatu: hakika mamia kadhaa, pengine karibu na elfu, au hata maelfu machache. Na kabla ya yote, "nadhani". Mhariri akiikata sentensi ile akaacha mwanzo, anabaki na mamia. Akiacha katikati, anabaki na elfu. Akiacha mwisho, anabaki na maelfu. Vichwa vya habari nilivyoviona siku ile vilichagua mwisho au katikati, na "pengine" likapotelea njiani. Sishangai. Kichwa cha habari hakina nafasi ya watu wenye mashaka.

Lakini prefekti hakuitoa namba hewani bila sababu. Aliegemea ukali wa tukio: alikuwa amekiona kisiwa, ameona vilima ambavyo jana vilikuwa na maelfu ya banga na leo ni udongo mwekundu na mabati yaliyokunjika kama karatasi. Mtu yeyote mwenye akili timamu akisimama pale angehisi kwamba chini ya mabati yale kuna watu wengi mno. Ile haikuwa hesabu, ilikuwa hofu iliyovikwa tarakimu. Aliongeza pia kwamba kupata hesabu kamili kutakuwa kugumu sana, kwa kuwa Waislamu huzika ndani ya saa ishirini na nne. Watu wa Mayotte karibu wote ni Waislamu. Maiti haingoji daktari wa serikali aje na fomu; huoshwa, huswaliwa, huzikwa. Hilo alilisema sawasawa, na ndilo lililopaswa kuwa habari kuu ya siku ile: kwamba serikali haina njia ya kuhesabu.

Kwa nini haina? Hapa ndipo penye kiini, na nitapakalia.

Tangu 1995, mtu wa Nzwani anayetaka kwenda Mayotte anahitaji viza. Watu wanavuka hivyo hivyo usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwassa, na wengi wamezama. Waliofika wanaishi kwenye banga bila karatasi, na wamezoea kwamba gari la serikali likipanda kilimani linakuja kuwakamata. Ijumaa ile redio ilipotangaza kwamba shule na kumbi zimefunguliwa ziwe makimbilio, baadhi yao walihofu ni mtego, wakabaki. Hivyo ndivyo ilivyoripotiwa baadaye na watu wengi wa pale. Tangazo lilifika vizuri kabisa, lakini aliyelipokea hakumwamini aliyelituma.

Na baada ya kimbunga, mambo yakawa hayo hayo kinyumenyume. Nani atampigia simu nani aseme, "mume wangu hayupo"? Simu hazifanyi kazi. Zingefanya kazi, mama asiye na karatasi angetoa jina lake, jina la mumewe na mahali alipojenga kwa ofisi ile ile aliyokuwa akiikimbia Ijumaa? Kituo kina chumba cha habari, kina waandishi, baadhi yao wenyewe nyumba zao zimeezuliwa. Kuna barabara zilizofungwa na miti. Kwa siku za mwanzo, anayeweza kuwafikia waandishi ni mwenye helikopta, mwenye redio ya upepo, mwenye ofisi, kwa maneno mengine serikali. Basi hewa ikajazwa na sauti ya upande mmoja. Haikuwa njama, ilikuwa tu kwamba upande wa pili haukuwa na njia ya kupanda.

Ningekuwa mhariri pale ningeyarusha mahojiano yale? Ningeyarusha. Mwakilishi wa serikali akitoa makadirio ya vifo siku moja baada ya maafa, huwezi kuyafungia kabatini. Ila ningeyavalisha. Ningeanza na waliothibitishwa, kisha ningesema prefekti anahofia watakuwa wengi zaidi, kisha ningesema kwa nini hakuna anayejua. Na ningehakikisha mtu wa taarifa ya Kimaore hapewi tafsiri ya sentensi moja iliyokatwa, anapewa mahojiano yote asikilize mwenyewe, kwa sababu "pengine" ya Kifaransa ikikaa katikati ya sentensi ndefu ni rahisi kuanguka inapovushwa kwenda lugha nyingine. Sijui kama hayo hayakufanyika. Najua tu kwamba kilichotoka nje ya kisiwa kilitoka uchi.

Nitakiri jambo langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nasoma taarifa za habari kwenye redio ndogo ya pwani, sitaitaja. Chombo cha abiria kikazama jioni. Nikampata ofisa mmoja kwenye simu, akihema, akasema waliokufa "hawapungui thelathini". Saa mbili usiku nikasoma thelathini. Sikusema "hawapungui", sikusema "kwa mujibu wa", nilisoma thelathini kama mtu aliyezihesabu maiti kwa kidole. Asubuhi zilikuwa saba. Wengine walikuwa wameokotwa na mashua ya wavuvi wakashushwa kijiji cha pili, wakalala kwa jamaa zao. Mzee mmoja alikuja hadi getini, akaniita mwanangu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wale ishirini na tatu uliwaua na nini?" Sikuwa na jibu. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

Namba ya Mayotte ilifanya kazi yake nje na ndani. Nje, ilivuta macho. Kabla ya Chido sidhani kama wengi duniani wangeweza kuionyesha Mayotte kwenye ramani. Baada ya neno maelfu, kila chombo kilituma mtu. Komoro ilitangaza maombolezo ya wiki nzima, kwa kuwa walioaminika kufa walikuwa watoto wake. Rais Macron alifika tarehe 19, akakutana na watu wenye hasira na kiu. Ufaransa nzima iliomboleza tarehe 23. Siwezi kusema msaada ulikuja kwa ajili ya namba ile peke yake, lakini namba ndogo haiamshi wakubwa saa nane za usiku.

Wakati huo huo Chido kilikuwa kimeshaingia Cabo Delgado na Nampula, na huko kiliua watu wengi kuliko hesabu rasmi ya Mayotte. Nani aliliona hilo? Msumbiji haikuwa na mtu wa kusema "maelfu" mbele ya kipaza sauti kilichounganishwa na Paris. Watu wa Mtwara na Lindi, ambao Aprili 2019 walifunga shule na ofisi wakikingoja kimbunga Kenneth, kikawapita na kuwaangukia majirani wa ng'ambo ya Ruvuma, wanaijua hali hii: maafa ya pembeni yanapimwa kwa redio iliyo karibu nayo.

Ndani ya kisiwa, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtu aliyesikia maelfu Jumapili, akaja kusikia 31 Jumatano, hasemi "alhamdulillahi, wamepungua". Anauliza wengine wamefichwa wapi. Kukawa na uvumi wa makaburi ya pamoja, wa maiti zilizofukiwa kilimani na matingatinga. Serikali ikatuma watu kupita kijiji kwa kijiji na mtaa kwa mtaa, kwa wenyeviti, kwa makadhi, kwa misikiti, kuuliza nani amezikwa na nani hajaonekana. Ndiyo njia iliyoleta zile 40 na 41. Mimi naiamini hesabu hiyo kiasi fulani, yaani naamini haifiki mamia mengi, kwa sababu mtu hata asiye na karatasi ana ndugu, ana mwenye kumdai, ana mtoto shuleni, na miezi ikipita pengo lake huonekana. Lakini namwelewa asiyeiamini. Aliambiwa maelfu na mkubwa mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, kwenye kituo cha serikali. Arobaini aliambiwa na karatasi.

Angalieni pia kwamba mimi sijasikia mtu aliyesimama hewani kwa uzito ule ule akasema, "Nilihofu maelfu, namshukuru Mungu nilikosea, na hivi ndivyo tulivyohesabu." Yale maelfu yalishushwa kidogo kidogo na matangazo ya wizara, kama mtu anayeshusha bendera akitumaini hakuna anayetazama.

Mwezi haujaisha, tufani nyingine ikaja. Dikeledi ilipita kusini ya kisiwa Jumapili 12 Januari 2025, na usiku wa kuamkia siku hiyo Mayotte ikarudi kwenye tahadhari nyekundu. Mvua ilimwagika, mafuriko yakaingia vijijini kusini, Mbouini ikaumia sana, lakini upepo haukuwa wa Chido. Safari hii mtu hakuhitaji kufafanuliwa rangi. Maturubai ya buluu yalikuwa bado yamefungwa kwa kamba juu ya kuta zisizo na paa, watu wakakimbilia shule zile zile, zile ambazo zilikuwa zimebaki na paa.

Ningepewa dakika moja na prefekti Jumapili ile ya Desemba, ingenitosha kumwomba aniorodheshee mitaa ambayo mtu wake hajafika bado. Kisha ningeisoma orodha hiyo kwa Kifaransa, kwa Kimaore na kwa Kibushi, jina moja moja, polepole, na kuirudia kila saa hadi betri za watu ziishe.